Bango limeng'olewa, tangazo limehamia kwa muuza pipi

Mwaka 1997 Colin McRae, dereva kutoka Uskochi, alishinda Safari Rally nchini Kenya akiendesha Subaru Impreza ya buluu iliyoandikwa 555 kwa rangi ya njano. Watoto waliokuwa wamejipanga kando ya barabara, vumbi likiwajaa hadi kwenye kope, walizichukulia zile tano tatu kuwa namba ya gari. Haikuwa namba ya gari. State Express 555 ni sigara, mali ya British American Tobacco, kampuni ambayo Wakenya wanaifahamu kwa kifupi cha BAT. Na haikuwa mara ya kwanza kwa sigara kupanda gari katika mbio hizo. Miaka ya 1980 jina la mashindano yenyewe lilitanguliwa na la sigara: Marlboro Safari Rally.

Mbio zikirudi Naivasha siku hizi, angalia magari ya watazamaji. Utakuta Impreza za mtumba kutoka Japani, buluu, rimu za dhahabu, na ubavuni stika ya 555. Mwenye gari pengine hakuwa amezaliwa McRae alipopita hapo. Pengine hajawahi kuishika paketi ya sigara hiyo wala hajui kwamba ni sigara. Lakini amelitolea pesa yake mfukoni bango la tumbaku, akalibandika kwenye kitu anachokipenda kuliko vyote alivyonavyo, na analizungusha mjini bure.

Nimeanza na gari hilo kwa sababu mjadala wetu kuhusu matangazo ya sigara na vijana umekwama kwenye picha ya zamani: bango kubwa barabarani, mwanamume mtanashati, moshi, na maneno ya kushawishi. Bango hilo likiondolewa tunapongezana. Ninavyoona mimi, bango halikuwahi kuwa sehemu ya hatari zaidi. Kazi kubwa ya tangazo la sigara si kumwambia kijana avute. Ni kuiweka sigara mahali pazuri katika akili yake miaka mingi kabla hajaiwasha, karibu na mwendo kasi, utu uzima, muziki, wanawake, uhuru, kisha kumwacha aifuate mwenyewe. Kazi hiyo haihitaji bango, na Afrika Mashariki imeendelea kufanyika baada ya mabango kung'olewa.

Kampuni zenyewe zimekuwa na jibu moja kwa miongo kadhaa: hatuwalengi watoto, tunawashindania watu wazima ambao tayari wanavuta, tukitaka wahame chapa nyingine waje kwetu. Lisikilize kwa haraka utaona lina mantiki. Lakini wavutaji ni miongoni mwa wateja wagumu kuhama. Mtu wa Embassy hubaki na Embassy, na akiikosa dukani hutembea hadi duka la pili. Ukijumlisha fedha zilizomwagwa kwenye matangazo duniani, ni vigumu kuamini kwamba zote zilikuwa za kuwagombea wachache wanaobadili chapa. Zaidi ya hapo, mvutaji wa muda mrefu ni mteja mwenye mwisho. Shirika la Afya Duniani linahesabu vifo zaidi ya milioni 7 kila mwaka vinavyotokana na tumbaku. Biashara inayopoteza wateja kwa kiwango hicho lazima itafute wapya, na mtu akifika miaka 25 bila kuvuta, uwezekano wa kuanza ni mdogo sana.

Hatuna haja ya kukisia, maana walioyasema haya kwa uwazi kuliko wote ni watu wa ndani. Kesi za Marekani za miaka ya 1990, hasa ile ya jimbo la Minnesota iliyomalizika 1998, zililazimisha kampuni kutoa mamilioni ya kurasa za nyaraka zao. Katika moja ya mwaka 1981, mtafiti wa Philip Morris, wenye Marlboro, anaandika kwamba kijana wa leo ndiye anayetarajiwa kuwa mteja wa kudumu wa kesho, na kwamba wavutaji walio wengi sana huanza wakiwa bado hawajafika miaka 20. Nyingine ya 1984, ya R.J. Reynolds, wenye sigara ya Camel, inawaita vijana chanzo pekee cha wavutaji wa kujaza nafasi. Inaongeza kuwa vijana wakiipa sigara kisogo sekta itadidimia, kama jamii isiyozaa inavyopungua hadi kwisha. Mwaka 2006 Jaji Gladys Kessler wa Mahakama ya Wilaya mjini Washington aliandika hukumu ya kurasa zaidi ya 1,600, na miongoni mwa aliyoyakuta ni kwamba kampuni hizo ziliwalenga vijana huku zikikana hadharani.

Neno "vijana" kwenye zile nyaraka halikumaanisha watu wa chuo kikuu tu. R.J. Reynolds, miaka mitatu minne baada ya ule waraka, ilimleta Joe Camel katika soko la Marekani: ngamia wa katuni, miwani myeusi, akipiga ala za muziki, akiendesha pikipiki. Desemba 1991 jarida la chama cha madaktari wa Marekani lilichapisha utafiti ambao hadi leo unasomeshwa. Watoto 229 wa jimbo la Georgia, wa miaka 3 hadi 6, walipewa kadi za nembo mbalimbali wazilinganishe na picha za bidhaa. Wa miaka 6 walimuunganisha Joe Camel na sigara kwa kiwango cha asilimia 91, karibu sawa na walivyomtambua Mickey Mouse. Toleo hilohilo lilikuwa na utafiti mwingine: kabla ya ngamia, Camel ilikuwa na asilimia 0.5 ya wavutaji walio chini ya miaka 18. Baada ya miaka mitatu ya kampeni, ilikuwa karibu asilimia 33. Ngamia alistaafishwa mwaka 1997 kwa shinikizo la kesi na serikali.

Ukisoma hayo unaweza kujipa moyo kwamba ni mambo ya Marekani. Mwaka 2013 watafiti wakaenda Brazili, China, India, Nigeria, Pakistani na Urusi, wakawaonyesha watoto wa miaka 5 na 6 nembo za sigara. Asilimia 68 waliitambua walau moja. China ilikuwa asilimia 86. Hawa hawajui kusoma vizuri, wengine hawajaanza darasa la kwanza. Hakuna aliyewatangazia. Wameishi tu ndani ya nyumba na mitaa ambamo nembo hizo zipo.

Hapo ndipo husimama mtu na kusema: watoto huiga, bwana. Humwona baba anavuta, kaka anavuta, rafiki anavuta. Tangazo lina kosa gani?

Nakubali nusu. Muulize kijana yeyote wa Magomeni au Eastleigh kwa nini alianza, atakutajia jina la rafiki. Hatakutajia tangazo, kama vile asivyoweza kukutajia tangazo lililomfanya anunue aina fulani ya dawa ya meno. Hakuna anayekiri kuchukuliwa na tangazo. Nguvu yake ipo katika kutokumbukwa. Na rafiki naye ameupata wapi ule mkao wa kushika sigara kwa vidole viwili huku ameegemea ukuta? Tangazo halishindani na rafiki. Linampa rafiki la kuonyesha. Ripoti ya mwaka 2012 ya daktari mkuu wa serikali ya Marekani ilipopitia tafiti zote zilizokuwepo, haikusema kwamba matangazo "yana uhusiano" na kuvuta. Ilisema yanasababisha vijana kuanza na kuendelea. Wanasayansi hawalitumii neno hilo ovyo, na iliwachukua miongo kulifikia.

Kwetu hesabu inatisha kwa namna yake, kwa sababu bado ni ndogo. Uchunguzi wa kitaifa wa 2018 ulikuta asilimia 8.7 ya watu wazima Tanzania Bara na Visiwani wanatumia tumbaku; Kenya, mwaka 2014, ilikuwa asilimia 11.6. Ukiwa daktari unashukuru. Ukiwa meneja wa masoko unaona nchi zenye mamilioni ya watu walio chini ya miaka 20, karibu wote hawajaanza. Kenya kulikuwa na uchunguzi mwingine wa wanafunzi wa miaka 13 hadi 15, mwaka 2013, na karibu mmoja katika kila kumi alikuwa akitumia tumbaku ya aina fulani. Wakati huo sheria ya kupiga marufuku matangazo ilikuwa na umri wa miaka mitano tangu ianze kazi.

Na sheria hiyo si dhaifu. Bunge la Kenya liliitunga 2007, ikaanza kutumika 2008. Inakataza matangazo, udhamini, zawadi, kuuzia walio chini ya miaka 18, na kuuza sigara kwa pakiti yenye chini ya sigara kumi. Serikali ilipoleta kanuni za 2014 kuitia meno zaidi, pamoja na picha za maonyo kwenye paketi, BAT ilikwenda mahakamani mwaka 2015. Kesi ikapanda kutoka Mahakama Kuu hadi Rufaa, kutoka Rufaa hadi Mahakama ya Juu, na kampuni ikashindwa kote, mara ya mwisho Novemba 2019. Ushindi ni ushindi. Lakini miaka minne na ushei ya kesi ni muda wa kutosha kwa mtoto wa darasa la tano kufika kidato.

Sasa toka mahakamani uende mtaani.

Wakazi wa Dar es Salaam wanamjua yule kijana anayepita akichezesha sarafu mkononi, chwa chwa chwa, mlio unaosikika kabla hujamwona. Kwenye kiboksi chake kuna sigara, pipi, Big G, karanga za kufunga kwenye karatasi, na kiberiti cha gesi kinachoning'inia kwa kamba ili mteja asiondoke nacho. Paketi zimefunguliwa, zimesimamishwa nyuma, juu kidogo, ili rangi zake zionekane. Pipi ziko mbele. Anauza sigara moja moja, kwa bei isiyopishana sana na ya andazi. Mara nyingi mteja wake wa asubuhi ni dereva wa bodaboda. Wa saa nane mchana anaweza kuwa mwanafunzi aliyevua shati la shule na kulitia begini. Nenda Nairobi, kwenye kibanda kilicho karibu na kituo cha matatu, utaona mpango huohuo ndani ya wavu wa chuma: maziwa, mikate, biskuti, chewing gum, na usawa wa macho ya mtoto wa miaka kumi, paketi.

Hilo ndilo tangazo. Halina maneno wala mwanamuziki, na halijalipiwa muda wa redio, lakini linafanya yaleyale yaliyofanywa na ngamia: linamzoesha mtoto kwamba sigara ni kitu cha kawaida kinachokaa pamoja na peremende. Mwaka 2016 muungano wa Afrika wa kudhibiti tumbaku, ATCA, ulichapisha uchunguzi uliofanywa karibu na shule katika Benin, Burkina Faso, Kamerun, Nigeria na Uganda. Walikuta mambo haya haya: sigara kando ya vitamu, zikiuzwa kwa mojamoja, zenye ladha, na matangazo pale pale zinapouzwa. Nchi tano zenye sheria tofauti, meza zilipangwa kwa mkono unaofanana. Siwezi kuamini ni sadfa.

Kuhusu sigara ya mojamoja nitakaa kidogo, maana hupitwa haraka. Hoja ya kawaida ni bei: mtoto hawezi kununua paketi nzima, anaweza kununua moja. Kweli. Lakini kuna jingine. Serikali zimepigana miaka mingi kuweka picha za mapafu yaliyooza na kinywa chenye saratani kwenye paketi. Kijana anayenunua moja haoni picha hiyo kabisa. Paketi inabaki kwa muuzaji, imegeuzwa upande mzuri ukiwaangalia wapita njia. Anachopewa ni kijiti cheupe kisafi. Onyo limemfikia mwenye duka, ambaye halihitaji. Na kodi ikipandishwa, ongezeko likigawanywa kwa ishirini halimuumi mtu. Kwa hiyo silaha mbili kubwa za afya ya umma, picha na kodi, huishia kaunta. Kenya imekataza uuzaji huo tangu 2008 na bado ni nadra kukuta kibanda cha sigara kisichouza moja.

Kisha ladha. Mtu anayejaribu sigara kwa mara ya kwanza hukohoa. Mwili unamkataza, na ni katazo zuri. Mentholi, ile ladha ya ubaridi kama ya peremende, hulipooza koo. Tanzania tumeishi na Sweet Menthol kwa muda mrefu kiasi kwamba watu huitaja kwa herufi mbili tu, SM, na nimewasikia wengi wakiiita sigara nyepesi, hata ya kuanzia. Hakuna sigara ya kuanzia. Kuna ladha inayomvusha mwanafunzi ule mlango wa kukohoa, na ladha hiyo imechapwa kwenye paketi kwa rangi ya kijani kibichi inayokumbusha dawa ya mswaki.

Nisiache na kile kibandiko kinachosema bidhaa hii haiuzwi kwa walio chini ya miaka 18. Kampuni hupenda kukionyesha kama ushahidi wa nia njema. Mimi nadhani kwa kijana wa miaka 15 hakuna sentensi tamu kuliko hiyo. Inamwambia kwamba hiki ni cha wakubwa, na yeye anachokitaka usiku na mchana ni kuonekana mkubwa. Si hisia yangu tu: mwaka 2006 watafiti walipima matangazo ya Philip Morris yaliyowahimiza wazazi wa Marekani kuzungumza na watoto wao wasivute, wakakuta kwamba vijana wa umri wa sekondari walioyaona zaidi walikuwa na nia kubwa zaidi ya kuvuta siku zijazo. Tangazo la kukataza, likitoka kwa muuzaji, limefanya kazi ya muuzaji.

Turudi kwenye magari. Umoja wa Ulaya ulizuia udhamini wa tumbaku kwenye mashindano ya kimataifa kuanzia Julai 2005. Ferrari ikaweka mistari nyekundu na nyeupe inayofanana na msimbo wa bidhaa dukani, watu wakailinganisha na paketi ya Marlboro, na mwaka 2010 ikaiondoa baada ya madaktari kulalamika. Ungedhani kisa kimekwisha. Mwaka 2019 BAT ikaingia mkataba na timu ya McLaren, na baadaye jina lililoonekana kwenye magari hayo ni Velo. Velo ni vifuko vidogo vya nikotini, vyeupe, vya kuweka kati ya mdomo na ufizi, katika vikopo vya duara vyenye rangi kama vya peremende. Hakuna moshi wala harufu, na mwalimu akiingia darasani hakuna cha kuona.

Kenya vifuko hivyo viliingia 2019 kwa jina la Lyft, vikiwa vimesajiliwa kwa bodi ya dawa. Mwaka 2020 Waziri wa Afya wakati huo, Mutahi Kagwe, akasema usajili huo ulikuwa kinyume cha sheria. Baada ya muda vikarudi sokoni, jina jipya likiwa Velo. Ninachokiona hapa ni ustadi wa kupenya kati ya sheria mbili: ya tumbaku inasema hiki si jani la tumbaku, ya dawa inasema hiki si dawa ya mgonjwa, na katikati yake kuna kijana wa miaka 17 mwenye simu. Maana tangazo lake haliko kwenye gazeti. Liko kwenye picha ya mtu maarufu anayekunywa kahawa, kikopo kimekaa pembeni ya kikombe kana kwamba kimesahaulika hapo. Mkaguzi wa wizara hawezi kuliona, kwa sababu simu inamwonyesha kila mtu cha kwake. Shisha ilipigwa marufuku Tanzania 2016, Kenya na Rwanda mwishoni mwa 2017, na kila mara kulikuwa na makelele, misako na picha za televisheni. Kikopo cha nikotini hakina makelele yoyote. (Marufuku ya Kenya nayo ilitikiswa mwaka 2024, mahakama ya Shanzu iliposema kanuni zake hazikupelekwa bungeni ipasavyo. Uzembe wa makaratasi nao ni rafiki wa tumbaku.)

Uganda ilikwenda mbele zaidi kuliko sisi sote. Sheria yake ya 2015 ilipandisha umri wa kuuziwa hadi 21 na kukataza shisha, sigara za kielektroniki na tumbaku iliyotiwa ladha. BAT ilipinga, Mahakama ya Katiba ikaitupa kesi 2019. Uganda si tajiri kuliko majirani wala haina askari wengi kuliko wao. Ilichofanya ni kuandika sheria inayoangalia bidhaa inavyomvuta mtoto, badala ya kuangalia bango peke yake.

Tanzania tuna sheria ya 2003, ya mwaka uleule ambao mkataba wa dunia wa kudhibiti tumbaku ulipitishwa Geneva, yaani kabla hatujauridhia. Tuliuridhia Aprili 2007. Kifungu cha 13 cha mkataba huo kinatoa miaka mitano kwa nchi kupiga marufuku matangazo yote, ya aina zote, pamoja na udhamini. Kwetu miaka hiyo ilikwisha 2012. Wanaharakati, hasa wa TTCF, jukwaa la kudhibiti tumbaku Tanzania, wamedai sheria mpya kwa muda mrefu, na jibu la chinichini limekuwa lilelile: mkulima wa Tabora, Urambo na Chunya atakula nini?

Swali la haki, limeelekezwa mahali pasipo pake. Sehemu kubwa ya tumbaku yetu husafirishwa nje. Bei anayopata mkulima wa Urambo inaamuliwa na wanunuzi wa kimataifa, wala haipandi kwa sababu mwanafunzi wa Mbagala amewasha SM. Kumlinda huyo mwanafunzi hakumwondolei mkulima hata kilo moja, na wanaosema vinginevyo wanamtumia mkulima kama ngao. Anayeumia kweli ni yule wa sarafu, na kwa huyu hoja ni nzito. Sigara ndiyo inayomzungushia mtaji. Pipi haitoshi kodi ya chumba. Ukimpelekea mgambo wa jiji kumnyang'anya kiboksi, umemwadhibu mtu wa mwisho kabisa katika mnyororo, na kesho yake atakuwa mtaa wa pili.

Ndiyo maana sheria mpya ikija, sehemu nitakayoifungua kwanza ni ile inayosema nani analipa faini. Paketi zilizopangwa usawa wa macho ya mtoto, kibanda kilichopakwa rangi za chapa mita chache kutoka geti la shule, kontena la kuonyeshea lililotolewa bure na gari la usambazaji: vyote hivyo vina mwenyewe, na jina lake limechapwa juu yake. Kenya tayari imemfundisha kila mtu kwamba kampuni inaweza kuhimili miaka minne ya kesi. Faini ihesabiwe kwa kila kibanda, kila siku kinapokutwa hivyo, na ankara ipelekwe kiwandani.